Kwenda ni injini, kurudi ni breki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niwafikie wenye magari madogo wanaojiandaa kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Njombe na Mbeya kwa likizo ya Desemba. Kila mwaka wanaambiwa "kagueni magari kabla ya safari". Sawa, lakini kauli hiyo haisemi mtu akague nini, wala lini. Basi gari hupelekwa gereji tarehe 22 jioni, fundi anaambiwa "liangalie angalie, kesho tunaondoka", na alfajiri familia imeshapita Kibaha. Sisi mafundi tunalijua gari la namna hiyo: limefunguliwa sehemu tano na hakuna hata moja iliyojaribiwa.

Gari lililofunguliwa usiku wa kuamkia safari linatisha kuliko ambalo halikuguswa kabisa. Rejeta iliyobadilishwa maji hubaki na mifuko ya hewa ambayo hutoka baada ya injini kupata moto na kupoa mara mbili tatu. Kiwango kinashuka, na usipoongeza gari linachemsha. Pedi mpya za breki huhitaji kilomita 200 hadi 300 za kukanyagwa kwa upole mjini ndipo zikae sawa na diski zake. Nati za gurudumu lililofunguliwa jana zinatakiwa kukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Klipu ya hosi iliyofungwa kizembe huanza kutiririsha hosi ikishapata moto na presha. Kasoro hizi hujionyesha mapema, katika kilomita mia mbili tatu za mwanzo. Ukizitembea kati ya Mbagala na Posta, kasoro ikijitokeza utarudi kwa fundi na kugombana naye, yaishe. Ukizitembea barabara kuu, Morogoro iko karibu kilomita 190 kutoka Dar, kwa hiyo kasoro itakukuta huko au ndani ya hifadhi ya Mikumi, mahali ambapo hushuki garini ovyo.

Kwa hiyo kazi zote za spana zimalizike wiki mbili kabla. Kisha gari lipelekwe Bagamoyo na kurudi, kama kilomita 130, kiyoyozi kikiwa kimewashwa na watu wanne ndani. Likirudi, fungua boneti, tazama chini ya injini, pima maji na oili likishapoa. Jaribio hilo moja hufichua mengi kuliko kuliacha gari likinguruma nusu saa pale gereji.

Sasa njia yenyewe. Dar iko usawa wa bahari, Iringa iko karibu mita 1,600 juu. Kupanda huko hakuji kidogo kidogo njia nzima. Unapita Mikumi, unashuka bonde la mibuyu pale Ruaha Mbuyuni, joto la Desemba likiwa kali kuliko mahali pengine popote utakapopita siku hiyo, na mara tu baada ya hapo unaanza kupanda mlima wa Kitonga. Unapanda nyuma ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo, kwa mwendo wa mtu anayekimbia, upepo wa kupooza rejeta haupo, kiyoyozi kinavuta, gari limejaa. Injini haitapata mtihani mzito kuliko huo. Ukirudi, mlima ni uleule ila unashuka, na gari ni zito zaidi kwa sababu limebeba mchele, viazi na vitunguu. Hapo mtihani unahamia kwenye breki. Ndiyo maana mafundi tunawaambia wateja wa njia hii: kwenda ni injini, kurudi ni breki.

Tuanze na injini, na kifuniko cha rejeta. Kila mtu anakidharau. Juu yake kumeandikwa 0.9 au 1.1, na namba hiyo ni presha ambayo kifuniko kinaishikilia kabla ya kuachia maji kwenda kwenye chupa ya akiba. Maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100 pwani. Yakifungiwa kwa presha ya 1.1 hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Mpira wa kifuniko ukichanika au springi yake ikilegea, kinga hiyo inaondoka yote, na ukifika kimo cha Iringa maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, wakati injini yenyewe kwa kawaida hufanya kazi kati ya 85 na 95. Yaani gari linaweza kuchemsha bila injini kuwa na ugonjwa wowote. Nunua kipya chenye namba ileile. Wapo wanaofunga cha 1.3 kwenye gari la 0.9 wakidhani wanaisaidia injini. Wanachofanya ni kupasua hosi kuukuu na maungio ya plastiki ya rejeta.

Pili ni maji yenyewe. Maji ya bomba au ya kisima huacha magamba ndani ya mirija ya rejeta, hula alumini ya silinda hedi na kukausha sili ya pampu ya maji. Weka kulanti, yaani dawa maalumu ya maji ya rejeta, iliyokwisha changanywa, au ile nzito uichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, kama yale ya kuongezea betri. Mchanganyiko huo huongeza kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu. Usichanganye kulanti za aina mbili usizozijua, maana nyingine zikikutana hugeuka uji. Kama ndani ya rejeta kuna maji ya rangi ya chai, yamwage yote, pitisha maji safi mpaka yatoke meupe, ndipo ujaze. Wakati wa kujaza washa hita ya ndani hadi mwisho, acha injini ifike moto wa kawaida na feni iwake na kuzima mara mbili, ukiongeza pole pole huku hewa ikitoka. Fundi anayejaza, anafunga na kukwambia "tayari" ndani ya dakika tano amekufungia hewa.

Tatu, na hapa nitawaudhi wenzangu wa kazi: thamostati, ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta kulingana na joto, irudishwe. Gari nyingi mjini zimeondolewa kifaa hiki kwa maelezo kwamba nchi yetu ni ya joto. Thamostati ya Toyota nyingi ndogo hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ikiondolewa, injini hukaa baridi kupita kiasi mjini, inakunywa mafuta zaidi na oili inachafuka upesi. Hilo dogo. Kwenye injini nyingi thamostati ina kisahani cha chini ambacho, inapofunguka, huziba njia ya mkato inayorudisha maji moto kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi daima. Mjini hutaona kitu. Kitonga, maji yote yanapotakiwa kupita kwenye rejeta, sehemu yake inakatisha na kurudi kwenye injini yakiwa bado ya moto. Dereva anashangaa: "Walinitolea thamostati ili lisichemshe, mbona linachemsha?"

Feni na uso wa rejeta ni kazi ya nusu saa. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya kiyoyozi, na katikati yake hujaa vumbi, wadudu na mifuko ya nailoni. Oshea kwa mpira wa maji wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya kuoshea yenye presha kali hulaza mapezi yote. Washa kiyoyozi uone kama feni zinaitika. Kama gari limepoteza plastiki za pembeni na za chini ya rejeta, zirudishwe, kwa kuwa bila hizo hewa inapita pembeni badala ya kupenya.

Wenye Vitz na IST wana tatizo lao: dashibodi haina mshale wa joto, ina taa ya bluu injini ikiwa baridi na taa nyekundu ikizidi moto. Kati ya hizo mbili hujui kitu. Taa nyekundu ikiwaka umeshachelewa, na kama maji yamekwisha kabisa sensa inabaki hewani na inaweza isiwake kabisa. Kwa magari haya, kituo cha mwisho kabla ya kupanda simama, lipoe, tazama chupa ya akiba. Ukianza kupanda zima kiyoyozi mapema.

Likichemsha bado, ingia pembeni mahali panapoonekana. Kama hakuna mvuke wala maji yanayomwagika, usiizime injini ghafla: iache ingurume bila kiyoyozi, hita ya ndani ikiwa imewashwa kwa nguvu zote, joto lishuke. Kama mvuke unatoka, zima. Kifuniko kisiguswe mpaka hosi ya juu ya rejeta iweze kushikwa kwa mkono bila kuunguza. Mara nyingi ni zaidi ya nusu saa, na watoto watalia, na utavumilia. Kumwagia maji baridi injini iliyokauka ni kununua silinda hedi: alumini iliyopanuka kwa moto ikipozwa ghafla hupinda au kupasuka, na gasketi inaachia.

Mengine ya injini ni mafupi. Oili ipimwe gari likiwa tambarare, dakika tano baada ya kuzimwa, ikae kati ya alama mbili. Kuzidisha nako kunadhuru kwa sababu shafti huipiga oili ikatoa povu. Injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST, Raum na Spacio nyingi huchukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo anayekumalizia kopo la lita nne analizidisha. Mkanda wa alteneta ukiwa na mipasuko, badilisha. Mkanda wa tayming, unaozipa vali za injini mwendo wake, ni habari kubwa zaidi: 1NZ hutumia cheni, lakini magari ya dizeli yenye injini za 5L au 1KZ hutumia mkanda unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Kama umenunua gari la mkononi na hakuna anayejua ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Giaboksi pia, hasa zile za CVT, yaani za otomatiki zinazotumia mkanda wa chuma badala ya gia za hatua, zilizo kwenye Vitz nyingi za kuanzia 2005 na X-Trail za T31. Zina oili yake maalumu. Ile nyekundu ya giaboksi za kawaida, au "haidroliki" inayouzwa kwa kupimiwa, huufanya mkanda wa chuma wa ndani uteleze na kuchimbika. Mlima mrefu ndio unaoifichua: gari linapoteza nguvu ghafla ingawa injini ni nzima, kwa sababu giaboksi imepata moto na kujilinda. Dawa ya hapo barabarani ni kusimama na kupoa.

Kabla sijafika kwenye breki, niseme juu ya mzigo, kwa maana breki na tairi zote zinaitegemea hesabu hii. Magari yetu mengi yanatoka Japani, na uzito wa juu ulioandikwa kwenye cheti chake hupigwa kwa kilo 55 kwa kila mtu. Gari dogo la watu watano limehesabiwa kilo 275. Watu wazima watano wa kilo 75 ni kilo 375. Umeshazidisha kilo 100 kabla hujapakia hata begi moja. Wakati wa kurudi ongeza gunia la mchele la kilo 100 kwenye buti. Sitamwambia mtu asinunue mchele Mbeya, hanisikii. Namwambia aupeleke kwa basi au lori la mizigo, au apunguze watu. Na chochote kizito kikae chini, kikisukumwa hadi kwenye mgongo wa kiti. Mzigo mzito juu ya keria hulifanya gari liyumbe kwenye kona za mlima.

Breki. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 likishuka mita 100 za kimo huzalisha joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita nne za maji kutoka ubaridi wa bombani. Kitonga unashuka mara kadhaa ya hapo. Joto hilo lazima liende mahali. Ukitumia gia ndogo, sehemu kubwa inamezwa na injini. Ukiweka nyutro, lote linakwenda kwenye diski nne, au mbili na ngoma mbili, ambazo ni vyuma vidogo tu.

Wanaopiga nyutro husema wanaokoa mafuta. Kwenye gari lenye sindano za kompyuta, ambayo ni karibu yote tunayoendesha leo, ukiwa ndani ya gia na umeachia mafuta mteremkoni sindano hufungwa kabisa. Ukiwa nyutro, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime. Kwa hiyo hata hicho kidogo wanachokitafuta hawakipati.

Joto la diski huingia kwenye pedi, kisha kwenye oili ya breki, na hapa ndipo wengi hawajui kinachoendelea. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa kupitia hosi na kifuniko, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Oili hizi hupangwa kwa madaraja ya DOT. Oili mpya ya DOT 3 haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishabeba maji kama asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishapata maji. Oili ikichemka ndani ya kalipa, kile chuma kinachobana pedi, hutoa mapovu ya mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inakwenda hadi sakafuni bila gari kusimama. Pedi zinaweza kuwa mpya kabisa. Ndiyo maana nasema oili ya breki ibadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama gari linasimama tu uani. Lita moja hutosha gari dogo: nyonya ya zamani kwenye kikopo cha juu, jaza mpya, kisha toa kwenye kila gurudumu mpaka itoke nyeupe isiyo na mapovu, bila kuacha kikopo kikauke.

Narudia kuhusu "haidroliki". Dukani kuna oili ya usukani, oili ya giaboksi na oili ya breki, na mitaani zote tatu zinaweza kuitwa jina hilo moja. Oili ya usukani ikiingia kwenye mfumo wa breki huzivimbisha raba za masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) na kalipa; breki zinaanza kubana zenyewe, kisha zinavuja. Soma kopo mwenyewe: lazima liandikwe DOT 3 au DOT 4. Likiwa limefunguliwa tangu mwaka jana, limwage.

Pedi zikibaki chini ya milimita 3, badilisha kwa safari hii, hata kama mjini zingekusogeza. Diski yenye mifereji au ukingo mkubwa isifungwe pedi mpya kabla ya kuchongwa au kubadilishwa. Ngoma za nyuma zifunguliwe. Fundi mvivu hufungua mbele tu. Ukikuta unyevu ndani ya ngoma, silinda ndogo inavuja, na brekishuu zilizolowa hazifutiki zikapona. Jaribio la mwisho unaweza kulifanya mwenyewe: injini ikiwa inanguruma, kanyaga pedali kwa nguvu ya kawaida na uishikilie kwa dakika moja. Ikizama taratibu, masta silinda inapitisha au kuna mahali panavuja. Ikiwa laini kama sponji, kuna hewa.

Kushuka kwenyewe: ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, 2, L, S au B kulingana na gari lako, gari la gia za mkono, ile ambayo ungeipandia. Kanyaga breki kwa nguvu, punguza mwendo, achia zipoe. Mguu unaokaa juu ya pedali kidogo kidogo mteremko mzima ndio unaopika breki. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta sehemu pana usimame mapema, usingoje pedali ilegee. Diski za moto zisimwagiwe maji. Na ukiweka mawe nyuma ya magurudumu, yaondoe unapoondoka. Mawe na matawi yanayoachwa na magari yaliyoharibika Kitonga ni hatari kwa kila anayefuata.

Tairi. Kuna imani kwamba siku ya joto upepo upunguzwe ili tairi "isipasuke". Ni kinyume. Tairi yenye upepo mdogo inabonyea pembeni kila inapozunguka, kubonyea huko kunazalisha joto, joto linaachanisha tabaka za nyuzi, na baada ya saa mbili za mwendo mkubwa inapasuka. Kipimo kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, mara nyingi kwa kPa: 220 ni sawa na PSI 32, 230 ni PSI 33. Kama kibandiko kina kipimo cha mzigo mkubwa, tumia hicho. Pima asubuhi gari likiwa halijatembea. Njiani ukipima tairi la moto utakuta limezidi PSI nne au zaidi. Usipunguze, ni kawaida.

Umri wa tairi umeandikwa ubavuni mwishoni mwa maandishi ya DOT (si ile DOT ya oili ya breki), tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta upande mmoja hauna tarakimu, tazama upande wa ndani. Watengenezaji wengi wanasema zikipita miaka mitano zikaguliwe kila mwaka, na miaka kumi ndiyo mwisho. Kwa barabara hii na joto hili mimi nisingesafiri na tairi la miaka minane hata kama nakshi zake ni ndefu, maana gari lililokaa sana bandarini na kwenye yadi huwa na tairi zenye sura ya mpya na mpira uliokauka. Mtumba nao ni hivyo hivyo. Muuzaji anapaka dawa ya kung'arisha, wewe kunja ubavu uone mipasuko. Nakshi zikifikia vile vituta vidogo vya ndani, zimebaki milimita 1.6, na kwenye mvua ya Mafinga au Makambako gari litaelea juu ya maji. Tusisahau kwamba Desemba ni joto huku chini na mvua na ukungu huko juu, kwa hiyo waipa mpya na taa za ukungu zinaingia kwenye hesabu hiyohiyo.

Tairi la akiba watu hulikumbuka likiwa limeshahitajika. Zile nyembamba za muda zinatakiwa PSI 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na haziruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Nati zifungwe kwa mkono na spana ya gari, kwa mtindo wa msalaba, na kwa Toyota ndogo nguvu yake ni kama Nm 103. Vijana wa pancha wanaotumia mashine ya upepo huzibana kiasi kwamba usiku barabarani hutazifungua. Jaribu nyumbani kama spana yako inazitoa. Kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki hakina bei, lakini kwenye tope la Njombe hutapata.

Usukani na miguu ya gari: inua kila gurudumu la mbele, lishike juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini ni bolijointi au beringi, pembeni ni tairodi. Beringi mbovu huvuma, na mvumo hubadilika ukikata kona. Alaimenti ifanywe baada ya haya kufungwa, kabla yake ni kupoteza pesa.

Taa mara moja tu: gari likijaa nyuma, pua inainuka na taa zako zinampiga macho anayekuja. Karibu na usukani kuna kigurudumu kidogo chenye namba kuanzia 0; kizungushe kuelekea namba kubwa kadri mzigo unavyoongezeka. Wengi hawajawahi kukigusa tangu wanunue gari.

Garini pawe na maji lita tano, kulanti, lita moja ya oili ya aina ileile, pembetatu mbili za kuakisi, tochi, klipu za hosi, fyuzi, na ile pete ya kuvutia gari inayozungushwa kwenye tundu la bampa. Kizima moto kitikiswe, poda huganda chini, na mshale wake uwe kwenye kijani. Petroli ya akiba kwenye dumu isibebwe. Ndani ya buti lenye joto dumu linavimba na mvuke wake unaingia walikokaa watoto.

Asubuhi ya kurudi ndiyo inayosahauliwa kabisa, kwa kuwa kila mtu anadhani gari "lilishakaguliwa". Kabla ya kutoka Iringa pima upepo tairi zikiwa baridi, sasa kwa kipimo cha mzigo. Tazama oili ya breki kama imeshuka tangu ulipoondoka. Tazama maji. Kaza nati. Ukifika Ilula na nyanya zake, jua kwamba mteremko uko mbele. Achana na simu, ingiza gia.

Ombi langu kwako, Mhariri: barua hii ikikubalika, itoke mwanzoni mwa Desemba. Ikitoka wiki ya Krismasi itawakuta wanunuzi wa kifuniko cha rejeta wakiwa Chalinze.

Wako,
Fundi magari, Tabata, Dar es Salaam